Kopo Lenye Jina la Philomène

Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kanisa nikasema nimepona. Hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa pili, mvua inapiga mabati mpaka pasta akanipa mikrofoni, nami nikaeleza jinsi nilivyokohoa tangu Noeli, jinsi nilivyofunga siku tatu bila kula wala kunywa, na jinsi kikohozi kilivyonitoka asubuhi ya siku ya nne. Watu walipiga makofi. Akina mama walitandika vitenge vyao chini nipite juu yavyo nikirudi mahali pangu. Mimi ni kiongozi wa kwaya, najua kushika watu kwa sauti, na siku ile niliwashika kwelikweli.

Jumatano kikohozi kikarudi.

Nilisema ni vumbi. Nilichimba madini Kakanda miaka sita kabla ya kuacha na kuanza kutengeneza mbabula, yale majiko ya bati tunayopikia kwa makaa hapa Likasi, na mtu aliyewahi kuingia shimoni huwa na jibu moja tu kwa kila kikohozi. Lakini vumbi halimlowanishi mtu jasho mpaka shuka ianikwe kila asubuhi. Suruali yangu ya Jumapili niliikaza kwa tundu jipya la mkanda, kisha kwa jingine. Kwenye karakana yangu, mtaani Kikula, nilingoja kwanza nishike nyundo ndipo nikohoe, ili bati lipige kelele kunizidi. Kwenye kwaya nilikuwa nafungua kinywa tu na kuinua mikono, wengine waimbe.

Kila Alhamisi Papa Osée alipita mtaani na kipaza sauti chake. Yeye ni relais wa kituo cha afya, yaani mtu wa mtaa anayejitolea kupeleka habari za kituo nyumba kwa nyumba, na sauti yake ni mbaya kuliko ya jogoo mgonjwa. Alitangaza kwamba anayekohoa kupita wiki mbili apeleke makohozi yapimwe, kwamba kupima ni bure na dawa za kifua kikuu ni bure. Akifika mbele ya nyumba yetu mimi nilikuwa nahamia uani. Mke wangu Philomène alikuwa anasimama mlangoni na kumsikiliza mpaka mwisho.

Aliniambia niende. Aliniambia kwa upole, kisha kwa hasira, kisha akaacha kuniambia na kuanza kuniangalia tu nikila. Mimi nilimjibu jambo lilelile kila mara: pale kituoni wote wananijua. Nusu ya wamama wanaopeleka watoto kupimwa kilo ni wa kanisa letu. Wakiniona na kopo la makohozi mkononi watauliza ule ushuhuda ulikuwa wa nini, na atakayeonekana mwongo si mimi peke yangu, ni Mungu. Nilipenda kusema hivyo, kwamba ninamlinda Mungu. Leo nikikumbuka maneno hayo uso unaniwaka moto.

Wazo lilikuwa langu. Nalisema wazi kwa sababu baadaye wapo waliodhani ni lake. Philomène alikuwa anaosha karai la unga, alikuwa anauza vitumbua mbele ya shule, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda naangalia mgongo wake.

“Enda weye,” nikamwambia. “Sema ni weye njo unakohoa. Kopo nitaweka mi.”

Hakugeuka. “Na bakipata ugonjwa?”

“Dawa utaniletea. Nani atajua?”

Alimwaga maji, akalipindua karai, akasema, “Batajua ni minye.” Hilo, kwamba atadhaniwa mgonjwa ni yeye, halikuwa swali, nami nililisikia vizuri kabisa. Nikamwambia mwanamke akiugua watu humhurumia, lakini mwanaume aliyeshuhudia akiugua watu humcheka. Sijui nilitoa wapi elimu hiyo.

Siku iliyofuata, alfajiri, nilikohoa ndani ya kopo nyuma ya ukuta wa choo. Yeye alilifunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki, akajifunga kitenge, akaenda kituoni. Pale walibandika kipande cha plasta juu ya kopo na kuandika: Philomène, miaka thelathini na moja, na jina la avenyu yetu. Baada ya siku nne Papa Osée alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, bila kipaza sauti, akamwita pembeni akamwambia kwa sauti ya chini aende kumwona muuguzi mkuu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilishukuru kwamba mzee yule anajua kunong’ona.

Muuguzi mkuu wa kituo ni Mama Georgette, mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyependa kurudia neno. Alimpima Philomène uzito, akamweleza kwamba matibabu ni miezi sita, na kwamba miezi miwili ya kwanza atakuja kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya macho yake. Si kupewa aende navyo. Kumeza pale pale, na kikombe cha maji. Kwa uzito wake, vidonge vitatu.

Hilo hatukulitegemea. Yeyote mwenye aibu angekomea hapo akavaa viatu vyake akaenda mwenyewe. Mimi niliuliza kama vidonge ni vikubwa sana.

Basi kila asubuhi ilikuwa hivi. Philomène anakaa kwenye benchi la nyuma ya kituo, penye upepo, wanapokaa wagonjwa wa kifua. Anaitwa dirishani. Anaweka vidonge kinywani, anavisukuma shavuni kwa ulimi, anakunywa maji kidogo, anashukuru. Kisha anatembea dakika kumi bila kumsalimia mtu, maana akisalimia atavimeza au vitadondoka. Anaingia ndani, anafunga mlango, na kunitemea kiganjani. Vilikuwa vyekundu kama tofali, vimelowa, ngozi yake imeanza kuyeyuka, na ulimi wa mke wangu umebaki na rangi. Nilivitupa kinywani nikavishusha na maji. Siku za kwanza sikuweza kumwangalia. Baadaye nilizoea, na huko kuzoea ndiko kunakoniumiza zaidi leo.

Mama Georgette alikuwa amemwambia mkojo utakuwa mwekundu kwa ajili ya dawa, asiogope. Mkojo uliokuwa mwekundu ulikuwa wangu. Nilimfundisha akiulizwa ajibu ndiyo, na akiulizwa wekundu wa namna gani aseme kama chai kali. Alijibu hivyo.

Papa Osée hakumwambia mtu, namtetea kwa hilo. Lakini benchi la nyuma linaonekana toka barabarani, na Likasi si mji wa watu wasioangalia. Wiki ya tatu watoto wa shule walianza kupita mbele ya karai la Philomène wakiwa wamebana mdomo kwa mikono, kama walivyofundishwa nyumbani. Alirudi na vitumbua vyote. Tulivila siku mbili mpaka Elikia, binti yetu wa miaka minne, akavikataa. Wiki ya nne karai lilikaa juu ya kabati na halikushuka tena.

Mimi watu walinihurumia. Mashemasi wa kike walipanga zamu ya kuniletea bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, kutoka majumbani kwao, ili nisile kwa mkono wa mgonjwa. Walifunika sahani kwa kitambaa safi, wakaniita ndugu, wakasema courage, nijipe moyo. Walisimama mlangoni wasiingie. Na Philomène, aliyekuwa mzima, alipokea sahani kizingitini huku wao wakirudi nyuma hatua moja, akaniwekea mezani. Nilikula. Ningeweza kusema chakula kilinikaba, lakini hakikunikaba, sombe ya mama mmoja ilikuwa na njugu nyingi nami nikaomba sahani ijazwe zaidi mara nyingine.

Kulikuwa na shida ya kikohozi changu. Dawa zilikipunguza, hazikukimaliza, na wageni wakiwa mlangoni nilikuwa nakohoa nyuma ya pazia. Nikamwomba Philomène, nikishikwa, akohoe na yeye haraka juu ya kikohozi changu, ili masikio ya watu yaende kwake. Alifanya hivyo. Alikuwa na kikohozi kikavu, cha juu juu, ningeweza kukitofautisha na cha kweli hata usingizini, hivyo ndivyo nilivyojisifu.

Mama Georgette aliagiza wote wa nyumba yetu wapimwe. Elikia alipelekwa, akaonekana hana kitu, akapewa dawa ya kumkinga, dozi ya kila siku. Mume naye aje, alisema. Nikamtuma Philomène aseme nimesafiri Kakanda. Mara ya pili nikamtuma aseme sijarudi. Mara ya tatu Mama Georgette hakuuliza kitu, aliandika tu.

Miezi miwili ilipotimia makohozi yalipimwa upya. Nilikohoa tena ndani ya kopo nyuma ya ukuta, na plasta ikaandikwa tena jina lilelile. Wadudu walikuwapo bado. Mama Georgette alitoa miwani yake, akaisafisha, akamuuliza Philomène kama kweli anameza. Akamweka kwenye mizani: amepungua kilo tatu. Dawa za miezi miwili, zilizomezwa mbele ya macho yake mwenyewe, na mgonjwa anakonda. Alimwambia huenda ugonjwa wake ni ule sugu, usiosikia dawa za kawaida, na kama ni huo basi atapelekwa Lubumbashi, miezi mingi, mbali na mtoto. Ili ajue, hakukubali kopo litoke nyumbani tena. Siku ileile, Alhamisi, alimchukua Philomène nyuma ya jengo, juani, akamwambia avute pumzi na kukohoa, na makohozi yakapelekwa kwenye mashine ya hospitali kubwa.

Philomène alinieleza yote haya akitwanga sombe, bila kuinua kichwa. Mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Nilimweleza kama mtu aliyeshinda kesi: makohozi ya safari hii ni yake, yeye ni mzima, yatatoka safi, watasema amepona, na mambo yataisha. Kisha mimi nitatafuta dawa zangu kwa njia nyingine. Hata kukonda kwake nilikuwa na jibu lake, nilisema ni mawazo. Alisimamisha mtwangio, akakung’uta majani yaliyoganda, akaendelea kutwanga.

Jumapili pasta alisema kanisa limbebe dada yetu kwa maombi. Hakuwa na nia mbaya, alisema kwa upole kabisa. Philomène aliitwa mbele, akasimama peke yake kwenye sementi na kilemba chake cha buluu, na akina mama wakazunguka, mbali kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama upande na kwaya yangu, nimevaa suti. Pasta akasema dawa zikishindwa huwa kuna jambo limefungwa ndani ya mtu.

“Dada,” akamwambia, “kama kuko kintu umeficha, sema, upone.”

Niliona mabega ya mke wangu yakipanda na kushuka.

“Kintu iko,” akasema. “Lakini haiko yangu.”

Watu waligeuziana nyuso. Mmoja nyuma yangu alisema hicho ni kiburi. Philomène alikuwa bado anaangalia sakafu, hakunitazama hata kwa jicho moja, na nilijua kwamba akiulizwa swali moja zaidi atajibu. Pasta alikuwa anafungua kinywa kuliuliza. Basi nikaanzisha wimbo. Niliuanzisha juu, kwa mikono miwili, kwaya ikanifuata, ngoma zikaingia, na kanisa zima likaimba juu ya kichwa cha mke wangu mpaka akarudi mahali pake. Waliniambia baadaye kwamba Roho alinishukia. Nilikuwa na miaka thelathini na nane na sikuwa nimewahi kujichukia namna ile.

Nyumbani alimvua Elikia nguo za kanisa, akazikunja, ndipo akasema, “Kesho tutaenda bawili, ao minye siende tena.” Sikubishana. Nadhani hata nilipumua.

Jumatatu kituo kilikuwa kimejaa. Ilikuwa siku ya kupima watoto kilo, wamama wamekaa mpaka nje, mtoto mmoja ananing’inia kwenye mizani na kulia. Niliwatambua sita wa kanisa letu, na wao walinitambua mimi. Waliniambia nimefanya vizuri kumsindikiza mgonjwa. Nilikaa kwenye benchi la nyuma kando ya Philomène, na nilipokohoa yeye hakukohoa juu yangu. Aliniacha.

Mama Georgette alituingiza wote wawili na kuacha mlango wazi kwa ajili ya hewa. Nilisema yote nikiwa nimesimama: kwamba kopo la kwanza lilikuwa langu na la pili langu, kwamba vidonge vililetwa kwangu shavuni, kwamba Kakanda sikwenda. Nilisema mke wangu ni mzima, hajawahi kuugua hata siku moja, amenibebea jina tu, wamfute kwenye kitabu na kuniandika mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo usiku kucha na, niwe mkweli, nilitegemea yatanipunguzia mzigo. Nje mizani ilikuwa imenyamaza na najua walisikia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alisema vidonge vitatu havikutosha kwa mwili kama wangu, hasa vikiwa vimekwisha yeyuka nusu, na kwamba nina bahati kama sijafanya ugonjwa wangu kuwa sugu. Kisha akavuta bahasha kutoka chini ya kitabu.

“Majibu ya mashine ilifika Ijumaa,” akasema. “Dawa ya kawaida inaweza huu ugonjwa. Lakini ugonjwa uko.”

Nikamwambia ndiyo, ni wangu.

“Hapana, Papa Godefroid. Hii ni ya Alhamisi. Alikohoa mbele yangu, kopo nilishika mi mwenyewe.” Aliiweka karatasi mezani ili niione, kana kwamba najua kuisoma. “Ya kwako tutapima leo. Hii ni ya mama.”

Nilimgeukia Philomène. Hakushtuka. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, na ndipo nilipomwona kama alivyo: shingo imekuwa nyembamba, mashimo yamefanyika juu ya mifupa ya kifua, blauzi imemzidi. Kwa miezi miwili nilikuwa naangalia viganja vyangu.

“Mama, unakohoa toka lini?” Mama Georgette akamuuliza.

“Toka mwezi wa ine.”

“Na haukuambia mutu?”

“Niliambia bwana yangu,” akasema, si kwa hasira, kama anayetaja siku ya soko. “Nilimuambia hii sasa iko ya kweli. Akacheka. Akasema niko najua kukohoa kumupita yeye.”

Nilikuwa nimesahau. Kweli nilikuwa nimesahau, na nilipoisikia ilirudi yote: jioni, bati la mbabula magotini mwangu, yeye amesimama mlangoni na mkono kifuani, na mimi nikicheka kwa sababu nilifikiri ni utani. Nilitaka kuomba msamaha. Mama Georgette hakuningoja. Alichukua kadi mpya akaandika jina langu, akanipandisha mizani, akasema makohozi yangu yatapimwa lakini sitarudi nyumbani bila dozi yangu. Jina la Philomène hakulifuta. Alianza upya kuhesabu miezi yake kutoka siku ile.

Alitupa vikombe viwili vya maji. Kwangu vidonge vinne, kwake vitatu. Tulimeza wakati mmoja.

Kisha akamwambia Philomène afungue kinywa. Philomène akafungua. Akamwambia ainue ulimi, akainua, na Mama Georgette akainama na tochi ndogo akaangalia shavu la kulia, la kushoto, akaingiza kijiti cha mti na kusukuma ufizi, huku wamama wa kanisa letu wakiangalia mlangoni. Akasema itakuwa hivyo kila siku mpaka mwisho, kwa sababu hawezi kumwamini tena. Philomène alikubali kwa kichwa, macho yake yamejaa maji kwa ajili ya kijiti.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kikombe mkononi, nikingoja zamu yangu ya kufungua kinywa. Mama Georgette alizima tochi, akaniambia, “Papa, wewe unaweza kwenda.”